"CD4 zake ziko ngapi?" MS na kinga iliyokosea nyumba

Siku binamu yangu alipopewa majibu ya MRI, kile kipimo cha picha ya ubongo, shangazi alinipigia saa nne usiku, sijamaliza hata kumuamkia akaniuliza, "Mwanangu, CD4 zake ziko ngapi?" Nilikaa kimya kidogo. Dokta alikuwa amemwambia mwanae ana ugonjwa wa kinga ya mwili, na huku kwetu ukitaja kinga ya mwili kichwa cha mtu kinakwenda sehemu moja tu, UKIMWI, na CD4 ni zile seli za kinga wanazohesabiwa wenye VVU. Kesho yake kwenye grupu la familia ikaanza: unga wa mlonge, tangawizi na kitunguu saumu, ubuyu, vidonge vya kuongeza kinga vya laki na nusu, na audio ya dakika saba ya mama mmoja anaelekeza namna ya kupandisha kinga ndani ya siku 14. Wote walikuwa na nia njema kabisa, nawajua, wanampenda yule binti. Ila ugonjwa walikuwa wameushika kinyumenyume, na ndio maana nimekaa kuandika hii, maana naona si familia yetu peke yake.

Ugonjwa wenyewe unaitwa maltipo sklerosisi, wengi wanasema MS tu. Tuanze chini kabisa. Ubongo na uti wa mgongo vinaongea na mwili kupitia neva, yaani mishipa ya fahamu, na neva ni kama waya wa umeme, ndani shaba nje plastiki. Kwenye neva ile plastiki inaitwa mayelini, ni utando wa mafuta na protini uliozungushwa tabaka juu ya tabaka, na kazi yake ni kufanya ujumbe upite haraka bila kuvuja njiani. Waya ukichubuka unajua kinachotokea, taa inacheza cheza, mara inawaka mara inazima. MS ni pale ambapo kinga ya mwili wako mwenyewe inaichubua hiyo mayelini ndani ya ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Palipochubuka panaacha kovu gumu, na jina limetoka hapo hapo, sklerosisi ni ugumu na maltipo ni nyingi, makovu mengi. Mfaransa Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière kule Paris ndiye aliyeueleza kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 1868, alikuwa anawafuatilia wagonjwa wakiwa hai halafu wakifariki anaangalia ubongo wao, na akakuta yale mabaka.

Kwa binamu ilianza na ndala. Anatoka bafuni anaenda chumbani, anafika anakuta mguu wa kushoto uko peku, ndala imebaki katikati ya korido na yeye hakuhisi ikivuka. Akacheka, akairudia. Ikatokea tena, na tena. Miezi michache baadaye jicho moja likaingia ukungu, rangi nyekundu anaiona kama imefuliwa ikapauka, akikizungusha kijicho kinauma, halafu baada ya wiki kadhaa likarudi lenyewe, na hapo ndipo watu wakasema ni mambo ya usiku, mtu hawezi kupofuka halafu akapona hivi hivi. Kumbe ndivyo MS inavyokwenda kwa walio wengi, kama asilimia 85 wanaanza hivyo, inakuja na kuondoka, wenyewe wanaita kurudirudi. Kinga inashambulia, uvimbe unatulia, mwili unakarabati kiasi, mtu anapata nafuu. Ila ukarabati hauwi kamili kila mara.

Sasa turudi kwenye neno kinga, maana kiini cha mkanganyiko kiko pale. Sisi tulifundishwa neno hili na UKIMWI. Upungufu wa Kinga Mwilini, lipo ndani ya jina lenyewe. Miaka mingi ya mabango, redio na kliniki imetuzoesha kuiona kinga kama maji kwenye ndoo, ikipungua unaumwa, ikijaa uko salama, kwa hiyo mgonjwa yeyote wa "kinga" jibu lake ni kumjazia. Kwenye MS ndoo haijapungua. Ukimpima CD4 binamu yangu utakuta ziko kawaida. Tatizo ni hizo seli za kinga zinaenda kumpiga nani.

Kinga si maji, ni kundi la seli za aina tofauti tofauti, kila moja na kibarua chake. Kwa MS zinazotuhusu sana ni seli T, seli B, na nyingine zinaishi ndani ya ubongo zinaitwa maikroglia. Nizichukue moja moja.

Seli T zinazaliwa kwenye uboho wa mifupa halafu zinapelekwa shule, ndio, shule kabisa, kwenye tezi ndogo nyuma ya mfupa wa kifua inaitwa thaimasi, na ile T imetoka kwenye jina hilo. Mtihani wa shule ile ni mkali sana. Seli inaoneshwa vipande vya protini za mwili wenyewe, ikionesha hasira navyo inauawa palepale. Zaidi ya seli 9 katika kila 10 hazitoki hai. Lakini hakuna mtihani usiovuja, kuna chache zinapenya zikiwa bado na hasira na mwili, na hapa ndipo wengi wanashangaa nikiwaambia: wewe unayesoma hii, mzima wa afya, kuna uwezekano mkubwa una seli T zinazoweza kuitambua mayelini yako. Zipo tu zinazurura. Hazifanyi kitu kwa sababu kuna seli T nyingine, za udhibiti, kazi yao ni kuwatuliza wenzao. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2025 ilikwenda kwa watu watatu, Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi, kwa kazi yao juu ya udhibiti huo. Kwa mgonjwa wa MS hizo seli za kutuliza zipo, ila zinaonekana hazifanyi kazi yao sawasawa.

Seli T nayo haiamki asubuhi ikaamua kupiga. Lazima ioneshwe. Kuna seli nyingine zinazunguka mwilini zikiokota vipande vya vitu, zinamletea seli T kama mtu anayeonesha picha kwenye simu, "huyu hapa unamjua?" Picha ikilingana na ile seli T iliyoumbwa kuitambua, inaamka, inazaliana zinakuwa maelfu, zinaingia kwenye damu kutafuta mwenye sura ile. Umeshaona sokoni mtu akipiga kelele "mwizi!", vijana wanakimbia, na anayepigwa ni mtu aliyevaa shati linalofanana na la mwizi. Ni hivyo hivyo. Kipande cha kirusi kinaweza kufanana na kipande cha protini ya ubongo, na zile seli hazisubiri kuuliza.

Ubongo una ulinzi wake. Mishipa ya damu ya kichwani imebanana kuliko ya sehemu nyingine, ni kama ukuta wenye geti, na seli za kinga zinazopita ni chache. Seli T iliyoamka inakuwa na kitu kama kadi ya geti, protini juu ya ngozi yake inayoshikamana na ukuta wa mshipa, inajivuta, inapenya. Ikishaingia inaoneshwa mayelini kwa mara nyingine mle ndani, basi inaachia kemikali za kuita wenzake, na geti linalegea zaidi. Wanakuja makrofeji, hizi ni seli za kula uchafu, zinaivua mayelini kwenye neva na kuimeza. Seli T zenye CD4 ndizo zinazopanga na kuita. Zipo nyingine zenye alama ya CD8, hizi zinaua kwa mkono wao, na ukiangalia makovu ya MS kwa darubini CD8 ni nyingi kuliko CD4, kitu ambacho kwa miaka mingi hakikupewa uzito wake.

Kwa hiyo swali la shangazi lilikuwa linagusa kweli. CD4 ambazo virusi vya UKIMWI vinaziua ni seli za aina ileile ambazo kwenye MS zinahusika kuanzisha fujo. Mwaka 2014 watafiti walipitia kumbukumbu za hospitali za Uingereza, wakakuta watu wenye VVU wanapata MS kidogo kuliko wengine, hatari imeshuka kwa zaidi ya nusu. Hawakuweza kutenganisha kama ni kirusi chenyewe au ni ARV, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema VVU ni tiba, lakini inakuonesha haya magonjwa mawili yako pande mbili tofauti za mlima.

Na jaribio la kupandisha kinga kwa wagonjwa wa MS limeshafanyika, ingawa halikukusudiwa kuleta madhara. Mwaka 1987 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 18 waliopewa intaferoni gama, hii ni kemikali ambayo mwili wenyewe unaitumia kuamsha seli za kinga. Walitegemea itasaidia. Wagonjwa 7 kati ya 18 wakapata mashambulizi mapya wakati wa matibabu, dawa ikasimamishwa. Usiichanganye na intaferoni beta, majina yanafanana lakini tabia tofauti, beta inatuliza na ndiyo ilikuwa dawa ya kwanza ya MS kuidhinishwa Marekani mwaka 1993. Mtu akikuletea mgonjwa wako wa MS kitu anachodai kinapandisha kinga kweli kweli, kumbuka wale saba. Tangawizi kwenye chai haina shida, haina hata nguvu hiyo. Shida ni mgonjwa kuacha dawa kwa sababu ameambiwa "inaua kinga", na hilo nimeliona kwa macho yangu, mtu ameacha miezi minne anakunywa juisi, amerudi hospitali hawezi kupanda ngazi.

Seli B sasa. Hizi tumezizoea kama viwanda vya antibodi, zile protini zinazobaki baada ya chanjo. Kwenye maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wengi wa MS kuna antibodi zinazotengenezwa mlemle ndani, ndio sababu moja ya madokta kuchoma sindano mgongoni kuchukua maji kidogo. Kwa hiyo watu walidhani kazi ya seli B kwenye MS ni antibodi, na kwamba mhusika mkuu ni seli T. Halafu mwaka 2008 yakatoka matokeo ya dawa inaitwa rituksimabu, inaondoa seli B kwenye damu. Madoa mapya kwenye MRI yakapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Cha ajabu antibodi hazikushuka kwa kiasi hicho wala kwa haraka hiyo, kwa sababu seli zinazotema antibodi hazina ile alama ambayo dawa inaitafuta. Maana yake seli B zilikuwa zinafanya kitu kingine, na kitu hicho ni ile kazi ya kuonesha picha. Ndizo zinazomnong'oneza seli T, "huyo hapo." Ukimtoa mnong'onezi, mpigaji anatulia. Mwaka 2017 Marekani ikaidhinisha okrelizumabu, inafanya kazi kwa njia hiyohiyo, na ndiyo ya kwanza kukubaliwa hata kwa ile aina ya MS inayodidimia tangu mwanzo bila kurudirudi.

Lakini kwa nini seli B ziharibike? Hapa stori inapita Kampala. Daktari Denis Burkitt alikuwa hospitali ya Mulago, akaona watoto wanakuja na uvimbe wa taya unaokua haraka mno, akauandika mwaka 1958, leo unabeba jina lake. Mtafiti Anthony Epstein wa London alimsikia akihadhiri, akahisi kuna kirusi, akaanza kutumiwa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Uganda. Kwa muda mrefu hakupata kitu. Mwishoni mwa 1963 ukungu ukafunga uwanja wa London, ndege ikaenda kutua Manchester, kichupa kikachelewa kufika, na kilipofika maji yake yalikuwa machafu, ya maziwa maziwa, mtu angesema bakteria wameshaingia, tupa. Epstein akaweka tone chini ya darubini. Hayakuwa bakteria, zilikuwa seli za uvimbe hai zinaelea, zimejitenga na nyama. Kutokana na seli hizo yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walikiona kirusi mwaka 1964, kirusi cha Epstein na Barr, EBV. Mtoto aliyetolewa kile kipande alikuwa wa Uganda, na mimi kila nikisoma habari za MS na EBV namkumbuka yule mtoto.

EBV inaingia kwenye seli B na haitoki maisha yako yote. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanayo. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 kwa miaka mingi, wakalinganisha damu ya waliopata MS na ya wenzao wasioupata, wakakuta hatari ya MS inapanda mara 32 baada ya mtu kuambukizwa EBV, na virusi vingine walivyolinganisha havikuleta kitu kama hicho. Mwaka huohuo wenzao wa Stanford wakaonesha protini moja ya EBV inafanana na protini moja ya seli za ubongo, na antibodi za baadhi ya wagonjwa zinazikamata zote mbili. Lile shati la sokoni.

Usielewe vibaya hapo. Kuwa na EBV hakumaanishi utapata MS, karibu sote tunayo na MS wako kama watu milioni 2.9 dunia nzima. Kirusi ni kama kiberiti, bado panahitajika kuni: jeni fulani, sigara, upungufu wa vitamini D, unene wa utotoni. Wanawake wanaupata angalau mara mbili ya wanaume. Hata umri wa kuambukizwa una uzito wake, huku kwetu watoto wengi wanaipata EBV wakiwa wadogo bila hata homa ya maana, ila anayeipata ujanani akaugua nayo tezi na koo wiki kadhaa, hatari yake ya MS inakuwa juu zaidi. Huenda ni sababu mojawapo ya MS kuonekana chache Afrika. Nyingine ni kwamba MRI ni chache na madaktari wa neva ni wachache, na asiyepimwa hahesabiwi. Kwa hiyo ule usemi wa "ugonjwa wa wazungu" si wa kweli, na umewachelewesha watu wetu.

Hauambukizi pia, kula naye, lala naye, hakuna shida. Na haurithiwi kama rangi ya macho, pacha wa kufanana kabisa mmoja akiwa na MS mwenzake anaupata karibu mara 1 kati ya 4, wakati jeni ni zilezile. Kuhusu mashetani na majini, binamu akikaa kwenye daladala mchana wa Januari jicho lake linaingia ukungu tena, akifika nyumbani akajimwagia maji linarudi. Mganga mmoja alilieleza hilo kwa namna yake. Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho Mjerumani, aliliandika mwaka 1890: waya uliochubuka joto likipanda unapitisha ujumbe vibaya, ukipoa unarudi. Si shambulio jipya.

Maikroglia nimeziacha mwisho kwa sababu ndizo ngumu kuzitibu. Hizi hazitoki kwenye damu, zimo kwenye ubongo tangu tumboni mwa mama, kazi yao ni kusafisha na kulinda. Kwenye MS iliyokaa miaka baadhi yao hazitulii tena, zinazunguka ukingo wa kovu la zamani zinaunguza polepole. Ni moto wa pumba, juu huoni mwali, chini unakula. Ndio maana kuna mgonjwa MRI yake haina doa jipya na bado kila mwaka mguu unakuwa mzito zaidi, na watu wanamwambia anadeka. Dawa nyingi tulizonazo zinazuia seli za kwenye damu. Huu moto wa ndani haziufikii vizuri.

Ukishajua seli, dawa zinaeleweka zenyewe. Natalizumabu inafunika ile kadi ya geti, seli T inabaki nje ya ubongo. Inafanya kazi vizuri mno, ila ubongo ukikosa walinzi kabisa kuna kirusi kinaitwa JC kinaweza kuamka, na kwa sababu hiyo iliondolewa sokoni 2005 ikarudi 2006 kwa masharti. Fingolimodi inazifungia seli ndani ya tezi limfu, chukulia tezi ni stendi na geti la kutokea limefungwa, mabasi yapo, hayatoki. Rituksimabu na okrelizumabu zinaondoa seli B. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliweka rituksimabu, kladribini na glatirama kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS, mara ya kwanza kabisa dawa za kuudhibiti MS kuwemo, na kwa nchi zetu hii ni habari kubwa kwani rituksimabu hospitali kubwa tayari zinaijua kwa saratani ya tezi limfu.

Kitu kimoja kwa msisitizo. Kuna ugonjwa unafanana sana na MS, unapiga macho na uti wa mgongo, unaitwa NMO, na watu wenye asili ya Afrika wanaupata zaidi kuliko wazungu. Huo unatokana na antibodi dhidi ya protini tofauti kabisa, akwaporini 4, kuna kipimo cha damu, na baadhi ya dawa za MS zinamzidishia mgonjwa wa NMO, intaferoni beta ikiwemo. Kama ndugu yako ameambiwa MS na uti wa mgongo umevimba sehemu ndefu au macho yote mawili yamepigwa kwa pamoja, uliza kwa heshima kama kipimo hicho kimefanyika. Uliza pia TB na homa ya ini aina B vimepimwa kabla ya dawa nzito kuanza, maana mlinzi ukimpunguza wageni waliolala wanaweza kuamka.

Binamu alipimwa vyote. Siku ya dripu yake ya kwanza shangazi alikaa pembeni ya kitanda saa zote, ameshika mfuko wa ndizi na chupa ya uji, kila baada ya muda anaangalia matone. Jioni nikampigia mimi.

"Kwa hiyo mwanangu hizo CD4 wanazishusha?"

"Hapana shangazi, wanaondoa seli B, zile zinazonong'ona. CD4 zake hawajazilenga."

"Na mlonge asile?"

"Ale tu shangazi, ni mboga. Ila dripu ya baada ya miezi sita asiikose."

Akaniambia nisubiri atafute kalamu aandike tarehe.